Bi Adija na Nusu ya Juu

Kipembeni ni mji. Watu wa Bagamoyo wakisikia ukiitwa mji hucheka, wakasema mji gani ule, barabara moja ya vumbi na duka moja la maana. Wacheke. Magofu kila pwani ina yake, na makaburi ya kale hata Pangani yapo. Lakini boya la meli lililokatwa katikati likawa vyungu viwili, hilo liko Kipembeni peke yake, na wenyewe hawaoni haja ya kujisifia kitu kingine.

Bi Adija binti Mwishehe alizaliwa hapo, mtaa wa Mtambani, na hakupata kuhama. Safari yake ndefu ilikuwa ya Dar es Salaam, alipopelekwa kutibiwa macho. Alikaa mpaka bandeji ikatolewa, na siku hiyohiyo akaanza kudai kurudishwa kwao. Waliomuuliza Dar ameionaje aliwajibu, "Kubwa. Lakini hawajui kupika." Basi, habari ya Dar ikaishia hapo.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mikono mirefu kuliko kimo chake. Asubuhi hukaanga vitumbua barazani kwake, na mteja anayechagua hiki na kukiacha kile hurudi nyumbani na kifuko kitupu. "Vyote vimetoka kwenye unga mmoja," humwambia. "Unachagua nini, mchumba?" Watu wamemzoea. Wanajua kuwa mwanamke yule hasemi neno mara mbili wala hafuti alilolisema, na mwezi wa Mfungo Sita ukikaribia humpitia mbali kidogo, kwa kuwa ndio mwezi wa Maulidi, na Maulidi ya Mtambani mpishi wake mkuu ni yeye.

Sasa habari ya boya. Mtoto wa Kipembeni huijua kabla hajaijua alifu. Siku za Mwingereza, boya kubwa la chuma lilikatika mnyororo huko kwenye njia ya meli, likaja likielea mpaka likakwama katika mdomo wa mkondo. Mkondo huo ndio unaougawa mji: huku Mtambani, kule Shanga. Maji yakipwa, boya linalala upande wa Shanga, nao wanalifunga kamba. Maji yakijaa, linakata kamba linahamia Mtambani, nao wanalifunga yao. Watu walipigana kwa makafi kwa ajili ya chuma ambacho hakuna aliyejua atakifanyia nini. Mwisho wazee wakachoka, wakasema likatwe.

Akaitwa fundi Chandulal, Mhindi aliyekuwa akitengeneza nanga. Alilikata kwa tindo na nyundo, na mji mzima ukakosa usingizi wa mchana. Ujira wake hakutaka fedha, alitaka pete mbili za boya: ile ya juu iliyobeba kengele na ile ya chini iliyoshika mnyororo. Akapewa. Akazing'oa zote mbili, akayalainisha makovu yake vizuri kwa tupa, maana alikuwa fundi mzuri, akaenda zake. Zikabaki nusu mbili zilizofanana kama maziwa ya mama mmoja. Hapo ndipo mtu wa kwanza alipouliza, jamani, ya juu ni ipi?

Mpaka leo hawajapata jibu. Nusu ya juu ni ile iliyoona jua, iliyopigwa na upepo, mabaharia wakiiona kwa mbali wanamshukuru Mungu. Nusu ya chini ilikaa majini gizani, ikiotwa na chaza na kunyewa na kaa. Mtambani wanasema ya juu ni yao. Shanga wanasema ya juu ni yao. Kila mtaa unawaita wenzao Watu wa Chini, na posa zimewahi kuvunjika kwa neno hilo. Wajukuu wa Chandulal ndio wenye duka, na Bi Kokila, mama mwenye duka sasa, ameulizwa mara nyingi kama babu yake aliacha neno.

"Aliacha," husema Bi Kokila, akipima sukari.

"Alisemaje?"

"Alisema tuna wateja pande zote mbili."

Nusu hizo hazikukaa bure. Ukizigeuza zikatazama juu ni vyungu, na ndani yake anaenea mtu mzima akilala, kichwa na miguu isionekane. Wakazichoma moto siku nyingi mpaka rangi yote ikatoka, wakaanza kupikia bokoboko la Maulidi: ngano na nyama, chumvi na mdalasini, vinachemka tangu alfajiri, kisha vinapigwa kwa mwiko mrefu mfano wa kafi mpaka nyama isijulikane na ngano isijulikane, likawa kitu kimoja kinachovuta. Shanga humwagia sukari juu. Mtambani humwagia samli na vitunguu vya kukaanga, na wanaona wale wa sukari ni watoto. Likiiva, kila mtaa unaupelekea mwingine sinia moja. Wanaopokea sharti waonje, na wakishaonja sharti watoe kasoro. Bokoboko la ng'ambo halisifiwi. Anayelisifu ameukana mtaa wake, na wapo walioishi na aibu hiyo mpaka kufa.

Mwiko wa Mtambani Bi Adija aliupokea kwa shangazi yake Mize, mpishi aliyekuwa akipika na kutukana kwa pumzi moja. Mize alimchagua kwa ile mikono mirefu. Siku anampa mwiko alimwambia maneno mawili tu: usipikie watu ukiwa na njaa, na Nusu ing'ae.

Kung'aa huko ndiko kwa Mtambani. Kwa kuwa nusu yao ndiyo ya juu iliyozoea jua, haifai kukaa na masizi. Huisugua kwa mchanga, majivu na makumbi ya nazi, nje na ndani, kabla ya Maulidi na baada ya Maulidi, na Idi zote mbili, na harusi ikiwapo. Kisha huifudikiza kwenye jukwaa lake ukingoni mwa mkondo, watu wa ng'ambo waione. Shanga hawasugui. Wao husuuza kwa maji ya moto wakafudikiza, na masizi ya nje yamegandana kama lami tangu enzi za babu zao.

Bi Adija aliolewa na mtu wa Shanga. Aliitwa Mrisho, fundi wa kushona makuti, na badala ya kumchukua mke kwao akahamia yeye Mtambani. Dada yake, Shufaa, alitangaza kisimani kuwa kaka yake ameolewa. Bi Adija akamjibu hapohapo kwamba kaka yake amefuata chakula. Tangu siku hiyo wifi hao wawili hawakukosana wala hawakupatana. Shufaa naye alikuja kushika mwiko wa Shanga, na kila mwaka kasoro kubwa ya bokoboko la Mtambani aliitoa yeye: mara limekaza, mara linanukia moshi, mara nyama ya mbuzi aliyekufa na deni. Mrisho alipofariki alizikwa Shanga kwa baba yake. Bi Adija huvuka daraja kila Alhamisi kwenda kumsomea, akipita mbele ya nyumba ya wifi yake. Hupiga hodi kutoka njiani, huitikiwa kutoka ndani, na kila mmoja huendelea na lake.

Mwaka huu, wiki ya Maulidi, Bi Adija alikwenda ukingoni na binti yake Naila kuisugua Nusu. Naila ana kibanda cha chakula pale zinapogeuzia bajaji. Hupikia gesi, hupika upesi, na mama yake hula chakula chake bila kusema kitu, jambo ambalo Naila amejifunza kulihesabu kuwa sifa. Walikuwa wameifudikiza, Bi Adija yuko nje na kumbi la nazi, Naila ameingia chini yake na tambara.

"Mama," akasema Naila kutoka ndani, sauti inavuma kama kisimani. "Acha kidogo."

"Niache nini? Hapa bado pana doa."

"Si doa. Mimi nakuona jicho."

Bi Adija aliinama. Palipokuwa na doa pana tundu la kupita kidole cha mtoto, na pembeni yake chuma kimekuwa chembamba hata ukikibonyeza kinaitikia. Akakibonyeza. Kikaingia ndani, tundu likawa la kupita kidole chake mwenyewe. Akautoa mkono akaufuta kwenye khanga.

"Kutu," alisema.

Naila alitoka akiwa na mchanga kichwani. Akalizunguka boya, akipitisha kiganja taratibu. Kutu hapakuwa nayo hata chembe. Pote palikuwa peupe, laini, pembamba.

"Mama, hii tumeisugua ikaisha."

"Funga mdomo wako."

Alikuja fundi Adamu na mashine yake ya kuchomelea. Aligusa mara ya kwanza, tundu likawa la kikombe. Aligusa ya pili, likawa la sahani. Akavua miwani yake myeusi.

"Bi mkubwa, nisamehe. Hiki si chuma tena. Nikiendelea nitakuachia pete."

"Bandika kiraka."

"Kiraka nitakishikiza na nini, bibi? Pembeni kote karatasi."

Kijana wa fundi alishapiga picha kwa simu yake, na kabla mashine haijapoa picha ilikuwa kwenye kundi la simu la mji, Mtambani na Shanga. Aliyeituma hakuandika neno. Waliojibu kutoka Shanga waliweka nyuso za kulia machozi ya kucheka.

Jioni wazee wa Maulidi walikutana ukumbini kwa Mzee Twalib, mwenyekiti wao, mtu wa maneno mengi na mwepesi wa kula. Naila alitoa rai yake kwa adabu. Bagamoyo kuna watu wanakodisha masufuria makubwa ya harusi na majiko ya gesi, yeye anawajua, kesho yatafika.

"Bokoboko la sufuria la bati?" Bi Adija aliuliza.

"Bokoboko ni bokoboko, mama."

"Litashika chini kabla halijavuta. Na sinia likivuka, Shufaa atalinusa kabla ya kufunua kawa. Atasema Mtambani wamepika uji wa wagonjwa, na atakuwa kasema kweli. Mimi kusingiziwa nimezoea. Kuambiwa kweli, hapana."

Mzee Twalib akakohoa. "Basi mwaka huu tusome Maulidi, tule pilau, tumshukuru Mungu. Pilau nayo ni chakula."

Bi Adija akawatazama mmoja mmoja, akaona kuwa hawamtanii. Mwaka huu pilau, mwakani pilau, mwaka wa tatu hakuna mtoto anayejua bokoboko lilipigwaje, na watu wa Bagamoyo wakija kucheka watakuwa na haki yao. Na yeye atakuwa nani? Muuza vitumbua. Mwiko wa Mize utaning'inia ukutani mpaka mchwa waumalize.

"Loweka ngano," alimwambia Naila, akiinuka.

"Nikaipikie wapi?"

"Nimesema loweka."

Asubuhi hakukaanga vitumbua. Alijifunga khanga mpya, akavuka daraja, na haikuwa Alhamisi. Waliomuona walidhani kuna msiba.

Shufaa alikuwa ukumbini na wanawake wa Shanga wakipembua ngano yao kwenye nyungo. Ni mwanamke mnene, mwenye kucheka kwa tumbo zima.

"Hodi!"

"Hodi ya mtu anayepita?"

"Ya mtu anayeingia."

Nyungo zikasimama. "Starehe, wifi, karibu," alisema Shufaa. "Jamani anueni nguo zenu, leo itanyesha."

Bi Adija aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Wakaulizana hali, ya nyumba, ya watoto, ya miguu, ya macho. Mwanamke mmoja alianza kucheka pembeni, akafinywa na mwenzake. Chai ikaletwa. Bi Adija akainywa yote, akaweka kikombe chini.

"Mmeona picha," alisema.

"Tumeiona. Mimi nilidhani chekeche."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Adija alingoja kiishe.

"Nataka kupika kwenye Nusu yenu. Ngano yetu, nyama yetu, kuni zetu."

Kicheko kiliisha. Shufaa alifuta jasho la shingoni kwa ncha ya khanga, bila haraka, kama mtu aliyeletewa sahani aliyoingoja tangu ujana wake.

"Nusu yetu haijavuka mkondo tangu ikatwe," alisema.

"Sikusema ivuke. Nitakuja mimi."

"Utakuja. Lakini kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Unakijua. Hawa wote wanakijua. Sema ya juu ni ipi, uje upike mpaka uchoke."

Kwa neno dogo hilo Mtambani ingekula bokoboko lake. Mtu mwingine angelisema, akafika darajani akalitemea mate. Bi Adija si mtu huyo. Alivuta viatu vyake, akasimama, akashika mwimo wa mlango.

"Sisemi," alisema. "Sijui ya juu ni ipi, na wewe hujui. Aliyejua alikuwa Chandulal, na yeye alitaka wateja."

"Basi kapike pilau."

Kumbe neno la pilau limeshavuka mkondo. Bi Adija alikanyaga kizingiti kwa mguu mmoja, akakaa hivyo, nusu ndani nusu nje, wanawake wakimtazama mgongo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mkavu vilevile, ila sauti ilipungua.

"Wifi, mwenye kutuma ile picha hakusema ilivyokuwa. Si kutu. Tumeisugua sisi. Mimi hasa. Nimeisugua tangu mwali mpaka nimekuwa bibi, mwaka baada ya mwaka, ili nyinyi huku muione inang'aa. Nimeisugua mpaka nimeitoboa kwa mikono yangu. Hilo nalijua, na hilo nalisema."

Shufaa alikuwa ameshika ngano kiganjani, akaiacha ianguke kwenye ungo punje kwa punje.

"Tulikuwa tunaiona," alisema baadaye.

"Mlikuwa mnaiona?"

"Jua likichomoza, mwanga wake unatupiga hapahapa barazani. Mama alikuwa akihamisha mkeka kila asubuhi, huku anawalaani. Mimi nimezaa watoto wote nikiuhamisha mkeka huo. Mrisho ndiye alikuwa akikaa palepale, anakodoa macho ng'ambo. Nikamwambia utapofuka. Kumbe anatazama wasuguaji."

Bi Adija alirudisha mguu ndani.

"Jana ulipouondoa kwenye jukwaa ule uchafu wako," Shufaa aliendelea, "leo asubuhi nimeketi penye kivuli mpaka nikashangaa mwenyewe. Haya. Njooni na ngano yenu. Lakini sikia, wifi. Hiki ni chungu cha Shanga, na mwiko wake unao mkono mmoja. Utakuwa wangu. Wewe utakaa chini yangu, utatia kuni."

Mwanamke aliyeshika mwiko tangu siku za Mize aambiwe atie kuni. Wanawake wa Shanga wenyewe waliinamisha macho.

"Mwiko chukua," alisema Bi Adija. "Chumvi natia mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watu wangu watakula."

Wote walidhani Shufaa atakataa, maana mpishi anayempa mwingine chumvi amempa chungu. Shufaa alitazama mikono yake. "Tia," alisema, akashusha sauti ingawa ukumbi ulikuwa kimya. "Tangu nianze vidonge vya presha, chumvi siisikii sawasawa. Mwaka jana walionja hawa watoto. Na nyinyi mkasema ni chapwa."

"Lilikuwa chapwa kweli."

"Najua, mwanamke wewe. Toka, nina kazi."

Mtambani hawakupokea habari hiyo vizuri. Mzee Twalib alisema mambo ya heshima na ya wazee waliotangulia. Wengine walisema watakula kwao, bokoboko la chungu chenye masizi ya karne halipiti kooni. Bi Adija aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anayetaka pilau apike," akaenda kukagua nyama.

Siku ya Maulidi alivuka kabla ya swala ya alfajiri, Naila nyuma yake na mkokoteni wa ngano na kuni za mkorosho. Shanga walishaiweka Nusu yao juu ya mafiga. Kwa karibu ilikuwa nene, nyeusi, mbaya kama nundu. Bi Adija aliizunguka mara moja, akainama, akachota kiganja cha mchanga.

"Wifi," alisema Shufaa, bila hata kugeuka. "Weka huo mchanga chini."

Akauweka.

Wakatia maji, wakatia nyama, wakatia ngano ya Mtambani na ngano ya Shanga pamoja, kwa kuwa chungu ni kimoja na hakina ukuta. Bi Adija alikaa kwenye kigoda akisukuma kuni, moshi unamwingia kwenye macho yake ya kutibiwa. Kila Shufaa alipoita, "Wifi, moto!" alisukuma. Alipoita, "Wifi, punguza!" alivuta. Mchana wanaume wa Shanga wakaja kupiga kwa zamu, mikono miwili kwenye mwiko, Shufaa akiwahesabia mwendo na kuwatukana, na Bi Adija alisikia katika matusi yale maneno ya Mize mwenyewe. Alijiuliza ni nani aliyewahi kuvuka kwenda kuyajifunza, au yalivuka yenyewe.

Ulipofika wakati wa chumvi, Shufaa alisogea pembeni, akampisha. Bi Adija alitia kwa kiganja, akangoja, akaonja, akatia tena. Watu walimtazama kama anayevuka barabara. Akaonja mara ya mwisho, akainua kidole. Basi.

Likavuta. Ukiinua mwiko linapanda nalo, linaning'inia, halikatiki.

Maulidi yalisomwa alasiri, kila mtaa msikiti wake. Yalipokwisha, likapakuliwa. Fungu la Mtambani likajazwa kwenye masinia, samli na vitunguu juu, na Bi Adija akalibeba la kwanza mwenyewe kichwani, akavuka daraja. Uani kwa Mzee Twalib majamvi yametandikwa na watu wamejaa. Waliosema hawatakula walikuwa wameketi mstari wa mbele.

Aliweka sinia, akafunua kawa. Watu wakatazamana. Kwa desturi, kilichopikwa Shanga kikiletwa Mtambani sharti kitolewe kasoro, na hicho kilipikwa Shanga, chungu cha Shanga, mwiko wa Shanga. Mzee Twalib akanawa, akakata tonge, akatafuna kwa uzito wa cheo chake.

"Chumvi," alisema. "Chumvi imezidi kidogo. Mkono wa Shanga huo, tunaujua."

"Kweli kabisa!" wakaitikia wawili watatu, wakifurahi kuwa mambo bado yana mpangilio. "Mkono mzito ule!"

Bi Adija alikuwa amesimama, kata aliyobebea sinia bado mkononi. Angenyamaza, yangekwisha. Shufaa angebeba chumvi kama alivyobeba miaka yote, na jina la mpishi wa Mtambani lingebaki safi. Hakuna hata mmoja pale aliyejua nani alitia nini, isipokuwa Naila, na Naila alikuwa akitazama miguu yake.

"Chumvi nimetia mimi," alisema Bi Adija.

Matonge yakasimama njiani.

"Mwiko alishika Shufaa. Kuni nilisukuma mimi, kigodani, chini yake. Na chumvi ni yangu, na haikuzidi. Wewe Twalib umezidi umri. Haya, aliye na kasoro ya kweli aitoe, na ajue anamtolea nani."

Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa tutoe au tusitoe?" Kumtolea kasoro mpishi wao wenyewe ni matusi. Kukisifu chungu cha Shanga ni kujikana. Mzee Twalib akafikiri, akakata tonge la pili ili afikiri vizuri zaidi. Kisha la tatu. Wengine wakaona wamfuate, mikono ikaingia, na muda mrefu uani pale hapakusikika neno, ila kutafuna na watoto wakigombea vitunguu.

Naila alirudisha sinia tupu Shanga kama inavyotakiwa. Shufaa alikuwa amejilaza ukumbini, bega limefungwa dawa ya kuchua.

"Wamesemaje?"

"Hawakusema, shangazi."

"Hawakutoa kasoro?"

"Mzee Twalib alianza. Mama akamkatiza. Kisha wakala."

"Akamkatiza akisema nini?"

Naila akamweleza. Shufaa alisikiliza, macho kwenye dari, asicheke. Mwishowe akasema, "Mwambie mama yako kuni zake za mkorosho zina moshi mwingi," akageukia ukutani.

Naila alipofikisha ujumbe huo, Bi Adija alikuwa ndiyo kwanza amepata sahani yake, ameketi kwenye kona ya jamvi. Mzee Twalib alijisogeza karibu, akiwa ameshiba na kutaka amani.

"Na mwakani, Bi Adija? Tutafute chungu kingine?"

"Cha nini? Mwakani Naila atakwenda mapema, amsaidie Shufaa mwiko. Bega lake halifiki mbali, na huyu mikono anayo. Nyinyi mtapeleka kuni, na ziwe kavu."

"Na wewe?"

Bi Adija alikata tonge, akalionja polepole, akitafuta kama kweli imezidi.

"Mimi natia chumvi," alisema, akala.